Mkopaji Hajulikani Alipo

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naanza na afya kwa sababu najua utairuka mistari yote mpaka uione. Sisi wazima. Goti la baba limetulia tangu aache kubishana na daktari. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Anauliza kama ni kweli kwamba wewe, bibi yake, unasoma midomo ya watu, na kama ni kweli, mbona shuleni hawafundishi.

Habari yenyewe ni kwamba nimehamishwa. Nimetolewa uhasibu, nimewekwa kwenye kitengo cha kusuluhisha malalamiko ya mikopo ya wanafunzi. Kwa maandishi nimepandishwa cheo; kwa mfukoni nimeongezewa bei ya jozi moja ya viatu. Kazi yenyewe ni hii. Serikali ilimkopesha mtu akasome, amemaliza, anakatwa mshahara kila mwezi. Akiona anakatwa isivyo haki, labda amemaliza kulipa na bado anadaiwa, au anabebeshwa deni la mwenye jina kama lake, anakuja kwangu. Nasikiliza, nachimbua kumbukumbu, nauliza ofisi ya makato, naandika pendekezo.

Chumba changu kiko chini kabisa. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jengo la pili. Viti vya wageni vimefungwa sakafuni kwa nati ili mtu asivirushe. Nilidhani wananitania, mpaka nilipomwona mzee mmoja mwenye koti na tai akijaribu kukinyanyua.

Lakini wiki iliyopita alikuja mwalimu wa shule ya msingi ambaye amekatwa muda mrefu kwa deni la mtu asiyemjua. Nilihangaika naye hadi nikaipata hitilafu, na makato yakasimamishwa. Alishika meza yangu kwa mikono miwili, akaiinamia kama anayeshukuru, akaondoka. Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona mtu.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na habari za kila mtu wa mtaani kwako isipokuwa kaka yangu Redio. Mtoto wako ni mmoja tu, shangazi, hawezi kukosa nafasi kwenye karatasi. Siulizi. Nasema tu kwamba niliona.

Wako,
Sindano


Tarehe 6 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni, ila maneno hayakukimbia. Mwambie mjukuu wangu kwamba midomo inasomeka vizuri, isipokuwa ya waongo, ambayo ina mwandiko mbaya. Na meno yataota, ila asiyasukume kwa ulimi.

Najua baba yako amekulalamikia tena kwamba sitaki simu, hata ya kuandikiana ujumbe. Nimekaa kwenye mitambo ya simu ya serikali nikiwaunganisha watu mpaka masikio yakanifia kazini. Nimesikia ya watu ya kutosha. Barua inanifaa, haikatiki mtu akiwa katikati ya sentensi.

Huku ni kuzuri. Nimepangisha vyumba viwili vya mbele. Wapangaji ni mume na mke, wakimya sana, au wanapigana usiku kucha, mimi nitajuaje? Nimehamia kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea mizigo, kina hewa. Jokofu nimemuuzia jirani yangu fundi cherehani. Mtu mmoja anagandisha nini? Dawa za presha nimezipunguza, naona mwili ulikuwa unazizoea mno.

Kuhusu kazi yako, nimefurahi, lakini wewe umefurahi mapema. Aliyevifunga viti vile kwa nati hakuwa mjinga. Kula kabla hujaenda kazini. Kichwa chenye njaa hakisikilizi watu, kinasubiri wanyamaze.

Chumba cha Redio nimekifagia. Hicho sijakipangisha.

Shangazi yako


Tarehe 15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mwanangu aliugua tumbo, akapona, kisha akaniambukiza mimi. Sasa sote tumesimama kwa miguu yetu.

Ulisema kweli, nilifurahi mapema. Kuna mwanamke mmoja, muuguzi msaidizi katika zahanati. Alikopeshwa akasome uuguzi kwenye chuo cha mtu binafsi. Pesa haikupita mikononi mwake hata shilingi, ilitoka serikalini ikaenda chuoni moja kwa moja. Mwaka wa pili chuo kikafungwa, mwenye chuo akatoweka, wanafunzi wakakuta kufuli getini. Cheti hakupata. Leo anatandika vitanda na kuosha sakafu kwenye zahanati ambako angekuwa anachoma sindano, na anakatwa mkopo kama aliyehitimu.

Niliandika pendekezo refu kuliko yote niliyowahi kuandika. Mkuu wa kitengo akanirudishia na mstari mmoja juu yake: pesa iliyotoka hurudi. Nilimfuata ofisini. Hakuwa mkali. Alinikaribisha kiti, akanieleza kwamba tukimfutia mmoja wa chuo kile itabidi tuwafutie wote, na hakuna mtu juu yake atakayetia sahihi jambo hilo. Akaniuliza hali ya mtoto.

Ikabidi nimsomee muuguzi majibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi niambie nilisoma nini, maana nalipia."

Mimi napendekeza, siamui. Neno hilo lilikuwemo kwenye barua yangu ya uhamisho na nililisoma harakaharaka. Sasa kila anayekaa kwenye kile kiti nikimwangalia naona tayari namna atakavyoinuka.

Shangazi, baba alipopita kwako wiki iliyopita hakurudi na furaha. Amesema unalala katikati ya magunia na ngazi. Amesema unakunywa chai ya rangi bila sukari na kusema ndivyo unavyoipenda, wakati wewe ndiye uliyekuwa unanigombeza kwa kumaliza sukari. Na fundi cherehani amemwambia kwamba dawa hujazipunguza, umeziacha.

Pensheni yako ilikuwa inamtosha mtu mmoja. Mimi sasa ndiyo kazi yangu kujua pesa za watu zinakwenda wapi. Nakuuliza moja kwa moja, na unijibu moja kwa moja: wanakukata kwa ajili ya mkopo wa Redio?

Sindano


Tarehe 3 Mei

Sindano,

Marahaba. Tumbo la mtoto lipewe uji mwepesi, sio soda.

Kaka yangu ana tabia ya kuhesabu vyombo vya watu tangu utotoni. Mwambie ngazi nimeitoa.

Ndiyo, wananikata. Mimi ni mdhamini wake. Tulikwenda pamoja pale dirishani ninapochukulia pensheni sasa, na tangu tunashuka kwenye basi mpaka tunafika alikuwa anaongea tu, wewe unamjua, alipewa jina la Redio kabla hajaota meno. Karani akamwambia anyamaze aandike jina lake. Akaliandika huku anaongea. Halafu akanigeukia, na nakumbuka wakati ule masikio yangu bado yalikuwa yanashika maneno, akasema, "Mama, umesoma hapo? Nikishindwa mimi, unalipa wewe." Nikamwambia mtu mwenye mdomo kama wako hawezi kushindwa. Karani akacheka. Nikatia sahihi.

Kwa hiyo sikudanganywa na mtu. Nilisoma, nikaelewa, nikakubali. Hao watu wako wanaokuja kulia ofisini wana malalamiko yao na Mungu awasaidie. Mimi sijalalamika popote. Usiniletee suluhu, sina mgogoro.

Shangazi yako


Tarehe 19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo. Leo sitaandika habari za nyumbani kwa sababu nikianza nazo nitapata kisingizio cha kuishia hapo.

Nisikilize kama unavyosoma mdomo wangu. Sheria inasema mkopaji akifariki deni linafutwa. Mdhamini anaachiliwa, na alichokatwa tangu siku ya kifo anarudishiwa. Mtu aliyetoweka asisikike popote kwa miaka mitano, mahakama inaweza kumhesabu kuwa amefariki. Ndugu wa karibu anakwenda kuapa, mahakama inatoa hati, hati inaletwa kwetu. Mimi sitaligusa faili hilo, haturuhusiwi kushika ya ndugu zetu, lakini jirani yangu wa meza ya pili ni mwanamke mwenye moyo, atalishika. Kwako ni sahihi moja.

Miaka mitano imetimia mwezi huu.

Nayaandika kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuyasema. Redio alimaliza masomo ya upimaji ardhi na hakupata hata siku moja ya kupima ardhi ya mtu. Akapanda lori la vibarua kwenda machimboni ng'ambo ya mpaka. Lori likajaribu kuvuka mto uliokuwa umefurika. Utingo peke yake ndiye aliyetoka. Wengine walipatikana huko chini mto ulikotulia, wachache hawakupatikana. Utingo alimwambia baba, mimi nikiwa nimekaa pale, kwamba kijana aliyekuwa akiwachekesha njia nzima alikuwa amekaa nyuma kabisa, chini ya turubai. Shangazi, ni nani mwingine huyo? Sote tulijua siku ileile. Tukarudi kwako tukanywa chai tukazungumzia mvua.

Kila siku kazini nawaambia watu hapana. Watu waliosoma, wazee, wajane, nawaambia hapana kwa sauti nzuri na nawasindikiza mlangoni. Hii ni "ndiyo" pekee niliyo nayo mkononi, na ni yako. Niruhusu.

Sindano


Tarehe 22 Julai

Sindano mwanangu,

Marahaba. Umengoja sana. Sikuwa nimekasirika, au nilikasirika wiki za mwanzo, baadaye nikapumzika kidogo. Wapangaji wamenitunza. Kumbe si wakimya, fundi cherehani ameniandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba wanaimba kila asubuhi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika vizuri. Baba yako hangeweza.

Sasa na wewe nisome. Utingo hakuona mwili. Aliona maji. Mimi nimeunganisha simu za watu miaka yote ile, na nimewasikia wanawake wakipokea habari za waume zao waliozikwa, kisha mwezi unaofuata mume anapiga simu mwenyewe kutoka hospitali ya mji mwingine, hajui hata kwamba alishaliliwa. Ilitokea. Si mara nyingi, lakini ilitokea, na waya ulipita mkononi mwangu.

Kila mwezi nakwenda dirisha la pensheni nachukua hati ya malipo. Kuna mstari wa makato. Pale kwenye mstari wameandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, na mbele yake wameandika, mkopaji hajulikani alipo. Wewe unayaona maneno ya ofisi. Mimi nayaona hivi: hajulikani alipo. Mtu ambaye hayupo hana alipo. Hao wana akili, wameandika kwamba yuko mahali, ila hawapajui. Nyumbani kwetu hakuna anayemtaja. Rafiki zake wameoa. Mchumba wake naye ameolewa, alikuja kuniaga na sikumlaumu. Katika dunia hii nzima ni ofisi yenu tu ambayo bado inamtafuta mwanangu, na mimi ndiye ninayeilipa iendelee.

Unataka nikaape mbele ya hakimu kwamba amekufa. Yaani mimi niliyemzaa ndiye nikaseme. Kwa sababu ya sukari?

Nimekataa, mwanangu. Si kwa hasira. Liache neno hili, tubaki kama tulivyokuwa.

Shangazi yako


Tarehe 12 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekuelewa, sitakuuliza tena.

Meno ya mtoto yameanza kuota, moja limepinda. Baba yupo kwangu tangu juzi, ana shughuli zake hapa mjini, atakaa kidogo. Fundi cherehani amempigia simu akamwambia kwamba ulianguka barabarani mwezi wa sita, wakakubeba kwenye mkokoteni mpaka zahanati, na daktari akasema presha ikipanda tena vile hutaamka. Wewe uliniandikia kwamba ulipumzika kidogo.

Muuguzi msaidizi alikuja tena. Hakuja kulalamika, alikuja kunijulisha kwamba ameacha kazi zahanati ili wasipate pa kukata. Anafua nguo za watu. Aliniomba nimwandikie kwenye faili kwamba hana mshahara, nikamwandikia. Tangu yule mwalimu, ndilo pendekezo langu la kwanza kupita bila kurudishwa.

Nakutumia pesa kidogo kwa mkono wa dereva wa basi. Nunua dawa. Usimuuzie fundi.

Sindano


Tarehe 9 Septemba

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba sana. Dawa nimenunua nusu, na jino lililopinda litanyooka lenyewe, la mwanangu lilikuwa hivyohivyo.

Kaa chini ndipo usome. Fundi cherehani ana mteja, mfanyabiashara wa vitambaa anayevuka mpaka mara kwa mara. Juzi alikuwa dukani kwa fundi na mimi nipo, nikamwona midomo yake inavyokwenda, nikamwambia rudia. Anasema kule kwenye soko kubwa kuna mtu anauza dawa za meno na viwembe, anaongea bila kumeza mate, soko zima linakusanyika kumsikiliza, watu wanacheka mpaka wanasahau walichokuja kununua. Nikamuuliza sura, akasema hakumwangalia sana. Nikamuuliza umri, akageuza uso kupokea kitambaa na sikuiona midomo yake vizuri, na sikutaka kumwuliza tena.

Najua utakavyosema. Usiseme. Fanya jambo moja tu. Mtu anayeuza vitu ana pesa, na mwanangu alikuwa anajua kwamba asipolipa yeye nalipa mimi. Huenda ametuma chochote, hata kidogo, kwa jina lake. Ofisi yenu ingejua. Ingia humo kwenye kompyuta zenu uangalie, au mwambie huyo mwanamke mwenye moyo akuangalizie. Hii ni mara ya kwanza nakuomba kitu cha kazini kwako.

Nitasubiri. Nikipata jibu lako nitajua kama nipange safari.

Mama wa Redio, shangazi yako


Tarehe 2 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Naomba uisome ukiwa umekaa, na mke wa mpangaji awe karibu.

Nimeangalia. Hakuna malipo yoyote. Baba naye amesafiri hadi kwa yule mfanyabiashara wa vitambaa. Muuza dawa za meno ni mtu mzima mwenye mvi, na mfanyabiashara anamwona pale sokoni tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto amebebwa na mama yake. Ndilo jibu ambalo hukuiona midomo yake ikilisema.

Na kuna jingine. Baba hakuja kwangu kwa shughuli zake mwezi wa nane. Tulikwenda mahakamani. Kaka wa mama mzazi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo sheria inamruhusu kuapa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba inamruhusu. Alisimama mbele ya hakimu, akaeleza habari za lori na mto, akatoa machozi mpaka karani akampa maji. Hakimu akauliza mama mzazi yuko wapi. Baba akasema ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Ulikuwa mgonjwa kweli, na hatukukuuliza.

Barua yako ya Septemba ilifika hati ikiwa imeshatoka, faili liko meza ya pili. Ningeweza kusogea kiti na kumwambia mwenzangu alisimamishe. Nilikaa na barua yako mapajani, nikamwacha agonge muhuri. Nilikuwa nawaza mkokoteni uliokubeba.

Deni limefutwa lote, makato ya miaka mitano yanarudishwa kwenye pensheni yako. Mkuu wa kitengo ametusifu mbele ya wenzetu. Amesema ndilo faili pekee lililofungwa kikamilifu robo hii ya mwaka bila upande wowote kulalamika. Akampa mkono mwenzangu, kisha akanipa na mimi, kwa kuwa anajua ni la nyumbani kwetu.

Nilitoka nje nikatembea mpaka kituo cha basi, nikakipita. Shangazi, nimesuluhisha watu wengi wasionijua na karibu wote nimewaumiza. Nilitaka mmoja tu apone. Nikutendee nini sasa? Niambie, nitakuja, nitapiga magoti mlangoni mpaka ufungue.

Taarifa ya ofisi itakuja kwako kwa posta. Naomba Mungu barua yangu itangulie.

Sindano


Tarehe 28 Novemba

Binti wa kaka yangu,

Marahaba.

Barua yako haikutangulia, na taarifa ya ofisi haikutangulia pia. Nilikwenda dirisha la pensheni kama kila mwezi. Karani akanipa hati ya malipo, nikatafuta mstari wa makato, haupo. Jina la mwanangu halipo. Nikamwambia mmekosea, kuna jina mmelisahau. Ananijua kwamba sisikii, akachukua kalamu akaandika kwenye karatasi akaisukuma chini ya kioo: Amefariki, mama. Pole.

Nikamwambia aurudishe ule mstari wa makato. Akaandika, hakuna deni. Nikamwambia mimi ni mdhamini, nilitia sahihi hapahapa. Akafikiri kidogo, kijana mwenye adabu, halafu akaandika, hakuna tena wa kumdhamini.

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Waliokuwa karibu walisoma karatasi begani kwangu wakawaambia wengine. Nilipogeuka midomo yote ilikuwa inasema pole. Wastaafu wenzangu, watu wa mikongojo na miwani, wengine nilifanya nao kazi. Mmoja mmoja walikuwa wananishika mkono wakisema pole, pole, pole, wananingoja. Unajua mtu akikupa pole lazima aitikiwe. Miaka mitano nimewaepuka watu ili nisiitike. Nikamjibu wa kwanza, "Nimeshapoa." Nikamjibu wa pili. Nilikwenda na foleni yote mpaka mlangoni nikisema nimeshapoa, nimeshapoa, na kila nikisema nilimwona mwanangu anakwenda. Hakimu hakumuua, wala baba yako. Mliniachia mimi, pale dirishani, mbele za watu.

Mlimaliza jambo kihalali na sina pa kulalamikia. Mwambie mkuu wako asiwe na wasiwasi.

Pesa zimeingia zote. Fundi cherehani amezihesabu pamoja nami. Nimenunua dawa za mwaka mzima, nakunywa asubuhi na jioni kama daktari alivyoandika, na daktari amesema presha imeshuka vizuri sana, kama ya msichana.

Umeuliza unitendee nini. Usije, na baba yako asije. Mtoto aniandikie akijua kuandika, yeye nitamjibu.

Nitaishi, kama mlivyotaka.

Shangazi yako